Betri ya Pili

Kabla hujashuka kwenye kabini, mwanangu, kaa kidogo. Injini umeizima, sawa. Sasa sikiliza. Lori lililozimwa halinyamazi mara moja. Chuma kinapoa, hewa ya breki inavuja kidogo kidogo kama mtu anayenong'ona, na chini ya mnong'ono huo kuna kitu kingine kinachoendelea kula. Feni uliyoifunga juu ya kioo inakula. Redio inakula. Simu uliyoichomeka inakula, na simu ya mwenzako uliyemwonea haya kumkatalia nayo inakula. Anayelishwa ana sauti, anayelisha hana. Betri haikwambii imechoka. Utajua siku utakapopindua ufunguo.

Nimeendesha malori miaka thelathini na mmoja, mengi yakiwa yametoka Changamwe. Nimeteremka Mazeras na mzigo mzito huku mguu haubanduki kwenye breki. Nimevuka mito iliyofunika barabara. Lakini ukiniuliza ni sauti gani inayonitoa jasho hata leo, nimestaafu, nimekaa barazani kwangu Shika Adabu, huku Likoni, na kikombe cha kahawa, nitakwambia ni ile ndogo kabisa: tak. Ufunguo umepinduka, stata, ile mota ya kuamshia injini, imegusa, na hakuna kilichofuata. Tak.

Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa kwenye foleni ya malori pale Bonje. Nilikuwa na miezi minne tu kwenye kazi. Nilizima injini, nikaacha taa za pembeni zikiwaka mchana kutwa kwa sababu jua lilikuwa kali nami sikuziona. Foleni ikasogea. Mimi sikusogea. Gari dogo likifa betri utaita watu wanne walisukume, mtacheka, litawaka. Trela halisukumwi na watu. Madereva wa nyuma walishuka mmoja mmoja, wakaja kunitazama kama watu waliokuja kutazama maiti.

"Ulikuwa unaangazia nini, kaka?" mmoja akaniuliza. "Jua?"

Jina likanikaa miaka mingi. Wallahi, mpaka nimezeeka, wako waliokuwa wakinipigia honi Changamwe na kuniita Hamisi Mwangaza Jua.

Aliyenitoa siku ile ni mzee Kitsao. Alikuwa na kibanda cha betri Changamwe, nyuma ya gereji, na ungemjua kwa suruali yake kabla hujamjua kwa uso: ilikuwa na matundu kuanzia mapajani hadi vifundoni, kila tundu ni tone la tindikali. Alikuja na betri mbili kwenye mkokoteni, akaliwasha lori langu, kisha hakuondoka. Akasimama anatazama lile sanduku la betri pembeni mwa chesisi, midomo ameikunja.

"Ni nani aliyetia maji humu?"

"Mimi, mzee."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisima. Nyumbani Likoni."

Akainama, akanusa tundu la betri kama mpishi anusavyo samaki anayemshuku. "Umetia chumvi humu. Visima vyenu vya Likoni mnakunywa wenyewe kwa sababu mmezoea. Hii haikuzoea." Kisha akaniuliza kama natia maji ya kisima pia kwenye macho ya mtoto wangu. Sikuwa na mtoto wakati huo. Nikamwambia sina. "Basi Mungu amekupa nafasi ya kujifunza kwanza," akasema.

Nikawa napita kwake kila niliporudi mjini. Nilijifunza kutia maji yaliyotengenezwa kwa betri na si mengine. Nilijifunza kufungua kebo ya hasi kwanza na kuifunga ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isinilipukie. Ule unga mweupe na wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri tunauita ukoga, na nilijifunza kwamba dawa yake ni maji moto, kisha kukausha, kisha grisi. Lakini somo alilolirudia mpaka nikalichoka ni la betri mbili.

Lori kubwa lina betri mbili, kila moja ya volti kumi na mbili, zimeungwa kwa kebo fupi ili zifanye ishirini na nne kwa pamoja. Sasa redio zetu, chaja zetu, feni zetu, vyote ni vya kumi na mbili. Dereva afanyeje? Anavuta waya wake kutoka kwenye betri moja tu, ile iliyo karibu. Ni rahisi, inafanya kazi, na kila mtu anafanya hivyo.

"Hao ni wake wenza," Kitsao alikuwa akisema, kidole chake kilichoungua kikigonga moja, kisha ya pili. "Mmoja unamtuma sokoni, kisimani, shambani. Mwingine amekaa. Jioni unawapakulia sawasawa. Altaneta, hiyo inayozichaji, haijui nani kafanya kazi. Aliyeshiba atalishwa mpaka achemke, mwenye njaa atalala na njaa. Halafu asubuhi unataka wote wawili wakuinulie jiwe. Nyumba hiyo itakufa, Hamisi."

"Mzee, una wake wangapi?"

"Mmoja. Ndiyo maana naona mbali."

Nilicheka, na nikaendelea kuvuta waya kutoka ile ya karibu. Nakiri hapa mbele yenu, madereva vijana. Niliyajua yote na sikuyafanya, kwa sababu kila nilipopindua ufunguo, lori liliwaka. Hofu ya dereva ni kitu cha ajabu, huja ikiwa imechelewa.

Miaka ikabadilika, malori yakabadilika. Kitsao akafariki, Mungu amrehemu, kibanda chake sasa kinauza vioo vya simu. Zamani tulikuwa na redio ya kaseti na taa moja ya kabini. Ninyi mna friji ndogo chini ya kiti, mna televisheni, mna inveta inayogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, mchomeke chochote. Na mna traka. Kile kidude hakilali. Kinakula betri usiku na mchana ili mtu aliyekaa ofisini aone uko wapi. Na ukiacha injini ikinguruma umesimama, hata dakika kumi, kinakusengenya: simu inalia, "Hamisi, mbona unachoma mafuta bure?" Basi unazima. Unazima injini ili ofisi ifurahi, na starehe zako zote zinahamia kwenye betri. Ile ya karibu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimezunguka kwa sababu hata kuisimulia bado naogopa.

Nilikuwa narudi kutoka Lunga Lunga na kontena tupu, nalipeleka Changamwe. Barabara inapita kwetu, nikasimama nyumbani nile. Siku hiyo jirani yangu, Bi Mwanakombo, alikuwa anamwoza kijana wake. Hema limetundikwa, masufuria ya pilau yako kwenye mafiga uani, moshi umejaa mtaa mzima, na umeme umepotea tangu alfajiri. Hata sijateremka vizuri, yule mama yuko mlangoni mwa kabini.

"Mwanangu Hamisi!"

"Labeka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Spika imekufa. Sheikh yuko ndani, kasida zinasubiri, na wageni wa Msambweni watasema tumemwoza mtoto kimyakimya kama tumemwiba. Lori lako lina umeme?"

Ungemwambia nini? Kwetu lori lililosimama mtaani si la kampuni tena. Watu huchukua kivuli chake, huanika nguo kwenye kamba zake, na umeme ukipotea hulichukulia kama kisima. Nikatoa inveta, nikaifunga kwenye betri ya karibu, nikavuta waya mpaka hemani. Injini niliizima, kwanza kwa ajili ya traka, pili kwa sababu Bi Mwanakombo alisema huwezi kusikiliza kasida na ngurumo pamoja. Kisha wakaja wenye simu. Wa kwanza alikuja na haya. Wa kumi na tano alikuja na waya wake wa kugawa na akachomeka bila salamu.

Nikaingia hemani kula. Nikala, nikaongea, nikala tena. Nilipokuwa nakunywa maji nikasikia mlio mwembamba kutoka nje: pii, pii, pii. Ilikuwa inveta. Hulia hivyo betri inapokaribia kuisha. Niliujua mlio ule kama ninavyojua jina langu. Nikajisemea, sheikh yuko karibu kumaliza, nimwache amalize. Mlio ukaendelea. Sheikh alikuwa amefika mahali pa kumweleza bwana harusi haki za mkewe, akasema, "Na jambo la kwanza analostahili mke kwa mumewe ni..." na spika ikafa. Wanawake wakaangua kicheko mpaka vigelegele vikapigwa. Nami nilicheka. Nilikuwa bado nacheka mke wangu Zuhura aliponishika bega.

"Baba Mwanasha. Njoo nyumbani."

Mwanasha ni binti yetu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anashona, na ana pumu tangu utotoni. Moshi wa mafiga ulikuwa umeingia kwa dirisha la chumba cha cherehani tangu asubuhi, naye hakutaka kulifunga kwa joto lile. Nilimkuta ameketi kizingitini, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka, na ngozi ya shingo ikidumbukia ndani kila alipovuta pumzi. Pampu yake ya mkononi ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameibonyeza mpaka kidole kikamwuma. Ile mashine ya mvuke, ambayo humwagia dawa mapafuni kwa dakika kumi na kumrudisha duniani, ilikuwa mapajani mwa mama yake, waya wake ukining'inia. Haina betri ndani. Inataka umeme wa ukutani.

Rama, mwenye pikipiki, alikuwa ameshatumwa kuleta tuktuk, kwa maana mtoto yule asingekaa juu ya pikipiki bila kuanguka. Tuktuk itoke stendi, harusi imejaza njia, ifike, irudi, hadi hospitali. Nilihesabu kichwani na hesabu haikunipenda.

Nikaibeba ile mashine mpaka kwenye lori, nikaichomeka kwenye inveta. Ikanguruma kama sekunde tatu. Pii. Kimya. Nikang'oa nyaya zote za simu, nikajaribu tena. Kimya. Nikapanda kabini, nikasema bismillahi, nikapindua ufunguo.

Tak.

Nikapindua tena. Tak. Watu walikuwa wametoka hemani, wamesimama na nguo zao za harusi, hakuna aliyecheka. Mara ya tatu hata ile tak ilikuwa hafifu.

"Baba Mwanasha!" Zuhura alikuwa amemleta mtoto mpaka kivulini mwa lori, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki, na akina mama wamezungusha leso kumsitiri. "Midomo yake! Tazama midomo yake!"

Nikashuka. Sikutazama midomo. Wanangu, niwaambie kweli, sikuthubutu. Nilitazama lile sanduku la betri, kwa sababu lilikuwa kitu pekee ambacho kosa lake nililijua. Na nikawaona wake wenza. Mmoja nimemtuma kutwa, sokoni, kisimani, shambani, ameanguka. Na mwingine je?

Mwingine hakuombwa hata tone. Miezi kadhaa amekuwa akilishwa, amekaa. Lori lilikuwa limekufa kwa sababu stata inawahitaji wote wawili. Lakini mashine ile haikuhitaji stata. Haikuhitaji lori. Ilihitaji volti kumi na mbili, na zilikuwa mbele yangu, zimeshiba, upande wa pili wa kebo fupi kama urefu wa mkono.

Usidhani unahamisha waya tu na yamekwisha. Betri ya pili, ikiwa bado imeungwa na ya kwanza, hasi yake si hasi ya bodi ya lori. Bodi ya inveta ikigusa chesisi hapo, utaona moto. Inabidi ufungue ile kebo fupi kwanza, betri ya pili isimame peke yake. Spana namba kumi na tatu. Nati ilikuwa imezikwa kwenye ukoga. Mimi, niliyefundishwa ukoga na Kitsao mwenyewe, nilikuwa nimeuacha ukaota kama chokaa. Nikakaza mkono, spana ikateleza, nikachuna vidole.

"Maji moto!" nikapiga kelele. "Leteni maji moto!"

"Maji hakuna," Bi Mwanakombo akajibu, na alikuwa tayari anakuja mbio na buli kubwa la harusi, buibui limemporomoka kichwani. "Kuna kahawa."

"Mimina!"

Akamimina. Kahawa chungu ya tangawizi ikatiririka juu ya betri, ukoga ukatoa povu na kulainika, harufu ya iliki ikapanda, na nati ikazunguka. Nikaitoa kebo. Nikaifuta betri ya pili kwa kanzu yangu. Nikaiweka inveta juu ya ubao wa kukunia nazi, mbuzi ya mtu sijui nani, mbali na chuma chochote. Chanya. Hasi. Taa ya kijani.

Mashine ikanguruma, na haikunyamaza.

Mvuke mweupe ukatoka kwenye ile barakoa, Zuhura akaibana usoni mwa mwanawe. Pumzi ya kwanza ilikuwa ile ile, ya kukwaruza. Ya pili ile ile. Nilisimama na spana mkononi, nikisikiliza mashine na mtoto kwa wakati mmoja, nikiogopa kusikia pii. Na simu yangu ikaanza kulia mfukoni.

Nilijua ni nani. Nilipoifungua ile kebo, traka nayo ilizimika. Kwenye ramani ya ofisi, lori limeyeyuka Shika Adabu, na kontena juu yake. Kule husema lori limeibwa. Ikalia, ikakatika, ikalia. Kuirudisha kebo kulikuwa kazi ya nusu dakika. Ningesema, samahani, ilikuwa hitilafu. Nikaiacha ilie. Nadhani ililia mara saba. Katikati ya kulia kule, Mwanasha alisogeza barakoa kidogo kwa kidole.

"Baba," akasema. Akavuta pumzi. "Pokea. Inanikera."

Maneno mawili mfululizo. Nikakaa chini kwenye mchanga.

Tuktuk ilipofika alitembea mwenyewe hadi ndani, mama yake amemshika kiuno. Magharibi walikuwa wamerudi. Lakini kabla ya hapo walikuja watu wa kampuni, gari zima, na msimamizi wetu mbele, kijana wa bara, mkali, mwenye haraka.

"Mzee, gari imepotea kwa ramani! Ofisi yote imejaa presha. Nani amefungua hii waya?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha mashine, na inveta bado iko juu ya mbuzi. Nikamweleza. Alinisikiliza akitazama kahawa iliyokauka juu ya betri. Bi Mwanakombo akamletea sahani ya pilau bila kumwuliza kama ana njaa, akala amesimama, akaimaliza. Barua ya onyo aliniandikia vilevile: nimechezea vifaa vya kampuni. Niliisaini. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na mambo mengine hukaa hivyo hivyo. Lakini walipokwisha kuliwasha lori kwa betri zao, alinivuta pembeni.

"Mzee, hebu nionyeshe. Ya pili ni gani?"

Nikamwonyesha. Akaipiga picha.

Tangu wiki ile nilinunua kile kidude kinachozilinganisha betri mbili, kinachochukua ishirini na nne na kutoa kumi na mbili bila kumwonea mmoja. Nyote mnakijua, mnapita nacho dukani kila siku, mnasema kesho. Nilijifunga pia kugusa kila swichi kwa kidole kabla ya kushuka, kwa mdomo nikitaja jina lake, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kulala. Mlio wa inveta ukianza, usimngoje sheikh amalize. Na jirani akija na simu yake, mpokee. Sikuambii uwe mchoyo. Ila jua unampa kutoka wapi, na nani atalala na njaa.

Nimestaafu sasa. Funguo nilizirudisha, traka haijui niko wapi. Nyumbani tumeweka sola juu ya bati, na betri mbili kwenye kona ya chumba cha cherehani, zimefungwa kwa usawa, vichwa vyake vimepakwa grisi. Mwanasha anashona hadi usiku. Nilipokuwa bado barabarani, kila nilipopanda kabini hakuniambia safari njema kama watoto wa wenzangu. Alisimama pembeni ya lori akaniuliza, "Baba, ya pili imejaa?" Hakuacha. Hata sasa, wingu likitanda juu ya Likoni na taa ikafifia kidogo, nasikia cherehani ikisimama, na sauti yake ikija barazani.

"Baba, ya pili imejaa?"

"Imejaa, mama."

Cherehani inaendelea. Nilikwisha kuitazama asubuhi, nikaitazama adhuhuri. Naweka kikombe chini, nainuka, naenda kuitazama.